Maikrofoni Zisizo na Waya na Haki ya Kusikika Cheptais

Katika miteremko ya Mlima Elgon, kuanzia Cheptais na kushuka hata Sirisia, Malakisi na Chwele, hapana jambo kubwa la watu siku hizi, liwe la furaha au la msiba, lifanyikalo bila ya maikrofoni. Mazishi ya Jumamosi, harambee ya shule, baraza la chifu, ibada ya Jumapili, arusi, na shangwe za tohara za Wabukusu ambazo hurejea kila Agosti ya miaka shufwa, zote hukodi mitambo ya sauti, na aghalabu mwenye mitambo huja na maikrofoni mbili au nne zisizo na waya, kwa sababu msemaji wa leo hataki kufungwa na waya, na watu wa hema la nyuma hawataki kunyimwa neno lake. Jambo hilo ni jema, nami nalisifu. Walakini limeleta dhiki mpya ambayo hatujaitazama kwa makini, nayo ni hii, kwamba maneno mazito hukatika hewani, mahubiri ya kanisa moja huzuka katika spika za kanisa jirani, na mjane aliyesimama kumsemea marehemu mumewe hupokonywa sentensi yake katikati, ilhali waombolezaji wakitazamana wasijue la kufanya.

Ada yetu ni kuilaumu mashine. Husemwa kwamba ni bandia, au kwamba betri ni mbovu, au kwamba fundi ni mwanagenzi. Na huenda moja katika hayo likawa kweli mara kwa mara. Lakini sababu kubwa, na ambayo fedha peke yake haiiondoi, ni kwamba maikrofoni isiyo na waya ni stesheni ndogo ya redio, na kila aishikaye mkononi huwa ametumia sehemu ya masafa ambayo ni rasilimali ya umma, ya wote kwa pamoja, isiyokubali kutumiwa na wawili kwa wakati mmoja mahali pamoja. Ndiyo maana nashika ya kwamba usikivu wa hadhara zetu hautatengenezwa dukani. Utatengenezwa kwa maarifa ya masafa, na kwa mapatano baina ya wanaoyatumia.

Tuanze na yaliyotokea juu ya vichwa vyetu pasi na wengi kutambua. Mwaka 2006 mataifa yalikutana Geneva yakaafikiana mpango wa kuhamisha televisheni kutoka mfumo wa analogi kwenda wa dijitali, na Juni 17, 2015 ikawekwa kuwa ndiyo tarehe ya mwisho. Wakenya wanaukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine, maana mwezi wa Februari matangazo ya vituo vikubwa vya televisheni yalizimika kwa majuma kadhaa katika mvutano wao na serikali kuhusu uhamaji huo. Mvutano ulizungumzwa katika kila kibanda cha chai. Lililozungumzwa kidogo ni kwamba uhamaji wenyewe uliyapunguza masafa ya televisheni ili sehemu yake wapewe wenye simu. Zamani chaneli za televisheni zilienea toka megahezi 470 hata 862, na baina ya chaneli moja na nyingine palikuwa na nafasi tupu ambamo maikrofoni zilijipenyeza bila ya kumdhuru mtu. Leo masafa ya 800 yanabeba intaneti ya 4G. Ya 700 nayo yamekwisha ingia katika kazi hiyo, tangu kampuni ya Jamii Telecommunications ilipofungua huduma yake ya Faiba 4G mwezi wa Desemba 2017. Na televisheni yote imesongamana chini ya megahezi 694. Maikrofoni iliyonunuliwa kabla ya hapo kwa masafa ya 800 ilikuwa halali na tulivu siku ile ya kununuliwa, na leo inanong'ona karibu na mnara wa simu unaopiga kelele usiku na mchana.

Amerika nako mambo yalikwenda vivyo hivyo, na taathira yake imefika mpaka Kitale na Bungoma. Serikali ya huko ilipiga marufuku maikrofoni katika masafa ya 700 tangu Juni 12, 2010, kisha ikayauza kwa kampuni za simu masafa mengi ya 600, na Julai 13, 2020 ikawa ndiyo siku ya mwisho ya kuzitumia maikrofoni katika masafa hayo yaliyouzwa. Vyombo vizima, vilivyotunzwa vizuri na vyenye majina makubwa, viligeuka kuwa haramu kwao kwa siku moja, na kitu kizuri kisichotumika hutafutiwa mnunuzi wa mbali. Mwenye mitambo wa huku akiona maikrofoni ya Shure au Sennheiser kwa robo ya bei, moyo humcheka. Nami simlaumu kwa kupenda chombo bora, maana Sennheiser walianza kazi ya maikrofoni zisizo na waya katika miaka ya 1950 na ustadi wao hauna shaka. Ila jina la kampuni halimwambii mnunuzi masafa ya chombo. Masafa yameandikwa kwa tarakimu ndogo ubavuni mwa kipokezi au ndani ya kifuniko cha betri, na hizo tarakimu ndizo za kusomwa kwanza, kabla ya jina, kabla ya rangi, na kabla ya bei.

Sasa zimekuja maikrofoni za kidijitali, na pamoja nazo imekuja imani kwamba dijitali ni dawa ya kila ugonjwa. Fadhila zake ni za kweli. Haina ule mvumo wa chini wa mfumo wa analogi, wala haiibani na kuifungua sauti katika safari yake ya hewani kama analogi ilivyolazimika kufanya. Zile za daraja la juu huweza kupangwa zaidi ya ishirini katika chaneli moja ya televisheni yenye upana wa megahezi 8. Tena nyingi zina usimbaji, kiasi kwamba kikao cha faragha cha familia au cha wazee hakiwezi kudakwa na kipokezi cha jirani. Wapo walalamikao kuwa zinachelewesha sauti, na lalamiko hilo ni dogo mno: ucheleweshaji wa milisekunde tatu ni sawa na muda ambao sauti hutumia kwenda mita moja tu hewani, na msikilizaji aliyehama viti vichache amekwisha uzidi.

Lakini dijitali ina tabia moja ambayo kila mtu wa mitambo sharti aijue. Analogi ikikosa nguvu huonya. Hukwaruza, huvuma, hudhoofika polepole, na fundi mwenye sikio huwahi kuja na maikrofoni nyingine. Dijitali haionyi sikio. Huwa safi kabisa mpaka pale ambapo kipokezi hakiwezi tena kuzipambanua alama zake, na papo hapo hunyamaza. Kwa hiyo anayepima kwa kusikiliza tu atadanganyika, atadhani yu salama ilhali yu ukingoni. Onyo lipo katika vipimo vya kipokezi, vya nguvu ya mawimbi na vya ubora wake, na macho ya fundi hayana budi kuwa hapo wakati mtu anasema.

Na mahali kama Cheptais sipendi kabisa mkato wa namna hii uhesabiwe kuwa aibu ndogo ya sherehe. Hii ni nchi ambayo kati ya mwaka 2006 na 2008 iliingia katika vita vya ardhi vilivyoua na kuwahamisha watu wengi, na tangu hapo suluhu imejengwa kwa maneno, baraza baada ya baraza, wazee wakisema na vijana wakisikiliza. Katika Kiswahili kukanusha hukaa mara nyingi katika silabi ya kwanza ya kitenzi, na kimya cha sehemu ya kumi ya sekunde chaweza kuimeza silabi hiyo, mzee akawa amekataa na umati ukasikia amekubali. Nani atathubutu kusema kuwa hilo ni jambo la mafundi peke yao?

Na tuingie katika kazi yenyewe, maana nasaha isiyo na kazi ni kelele. Fundi akifika mahali pa shughuli, hatua ya kwanza ni kuwasha kila kitu kitakachotumika siku hiyo, skrini za taa, jenereta, intaneti, kompyuta, huku maikrofoni zake zote zikiwa zimezimwa, kisha kukiamuru kipokezi kiyachunguze masafa na kuonyesha palipo wazi. Wengi hufanya kinyume, huchunguza alfajiri uwanja ungali mtulivu, halafu skrini huwashwa saa nne na kuyachafua masafa waliyokwisha yachagua. Akipata pa wazi huwasha maikrofoni ya kwanza na kuiacha ikiwaka; ndipo achunguze kwa ajili ya pili, na ya tatu vivyo hivyo, bila ya kuizima hata moja iliyotangulia. Akizizima, kila moja itachagua mahali pazuri pale pale.

Hapa iko siri ambayo imewashinda watu wengi wenye bidii. Maikrofoni mbili zikiwaka karibu, mawimbi yake huchanganyikana katika vyombo vyenyewe na kuzaa mawimbi mengine ambayo hakuna aliyeyaagiza. Tuchukue mfano ndani ya chaneli ya 26, iliyo kati ya megahezi 510 na 518. Maikrofoni ya kwanza ikiwa kwenye 512.0 na ya pili kwenye 512.4, watoto wao wakubwa hutokea 511.6 na 512.8. Mtu anayependa utaratibu, aliyeacha nafasi sawasawa ya 0.4 kati ya maikrofoni zake, ataiweka ya tatu kwenye 512.8, yaani juu kabisa ya kelele iliyozaliwa na mbili za kwanza. Usawa, ambao katika mambo ya watu ni adili, katika jambo hili ni mtego. Aiweke ya tatu kwenye 513.1 na mambo hutulia, maana hesabu yake haimwangukii mwenziwe. Ziko maikrofoni za kidijitali zilizoundwa mahususi kuhimili nafasi sawasawa, na mwenye nazo ana raha. Zile za bei ya wastani, ambazo ndizo nyingi zizungukazo huku kwetu, zinahitaji hesabu, na watengenezaji huitoa hesabu hiyo bure katika programu zao, au huipanga ndani ya chombo kwa makundi ya masafa yasiyogongana. Sharti lake ni moja: maikrofoni zote za mahali pamoja zichukuliwe katika kundi moja, kila moja na chaneli yake ndani ya kundi hilo. Mwenye kuchanganya makundi ameitupa hesabu.

Baada ya masafa ni mahali pa antena, na hapa makosa huonekana kwa macho tu. Kipokezi hufichwa nyuma ya mikisa, ndani ya sanduku la chuma, chini ya meza iliyofunikwa kitambaa, halafu mbele yake hukaa umati wa watu mia tano. Kwenye megahezi 600 wimbi lina urefu wa nusu mita, na mwili wa mwanadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hulinywa wimbi hilo. Hema lililopimwa likiwa tupu si hema lile lile likiwa limejaa. Antena ziinuliwe juu ya vichwa, juu ya stendi, mahali ambapo zinaonana na mkono wa msemaji bila ya kizuizi, na zitengane baina yao, kwa kuwa kipokezi chenye antena mbili huchagua kila wakati ile ipatayo mawimbi bora. Jambo hilo ni la faida kuu katika makanisa yetu ya mabati, ambako wimbi hugonga paa na kurudi, likakutana na lile lililokuja moja kwa moja, na mahali pengine yakauana. Hatua moja ya mhubiri kwenda kulia huweza kuwa tofauti ya kusikika na kutosikika. Waya mrefu na mwembamba wa antena nao hula nguvu ya mawimbi njiani, basi ni heri kukisogeza kipokezi jirani na jukwaa, kisha sauti yenyewe ndiyo isafiri mbali kwa waya wa kawaida hata kwenye mikisa. Na msemaji aambiwe kwa adabu asiifumbate maikrofoni kwa chini, kwa sababu maikrofoni nyingi huwa na antena yake huko.

Betri nitazitaja kwa kifupi, kwa vile kila mtu anazijua na wachache huzijali: ziwe mpya au zilizojazwa usiku wa kuamkia shughuli, za aina iliyoagizwa na mtengenezaji, wala zisibaki za matanga ya juzi. Na iwepo daima, juu ya stendi yake, maikrofoni moja ya waya iliyo hai. Kuiweka hapo ni heshima kwa watu walioacha shamba na biashara kuja kusikiliza.

Kuna zile ndogo za bei nafuu zitumiazo masafa ya gigahezi 2.4, ambazo zimejaa madukani tangu vijana walipoanza kurekodi video kwa simu. Kwa mahojiano ya watu wawili ni chombo chema. Kwa mkutano wa hadhara sizipendekezi, maana masafa hayo ndiyo ya intaneti isiyo na waya na ya Bluetooth, na kila mhudhuriaji amebeba mfukoni mwake kitu kinachoyatumia. Kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo maikrofoni hiyo inavyodhoofika, yaani hushindwa wakati ule hasa inapohitajiwa.

Yote niliyoyasema hadi hapa fundi anaweza kuyafanya peke yake. Yaliyobaki hawezi, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998 imeyaweka masafa chini ya usimamizi, na leo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo iyagawayo na ndiyo iidhinishayo aina za vyombo vya redio kabla havijauzwa. Mamlaka inajua mnara gani wa televisheni unarusha chaneli ipi na kwa nguvu gani. Fundi wa Cheptais hajui; naye yu mahali pagumu kuliko pa mwenziwe wa Nairobi, kwa sababu Lwakhakha iko karibu na ng'ambo yake ni Uganda, ambako televisheni ya dijitali hutumia masafa hayo hayo kwa mpango wa mamlaka nyingine, na mlima wenyewe hulizuia wimbi upande mmoja na kuliachia upande mwingine. Chaneli iliyo tupu Chwele huenda isiwe tupu juu ya kilima cha Cheptais. Kisha twamwambia fundi huyo kwamba ana wajibu wa kutii sheria, ilhali hatukumpa ramani ya kuitii.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na ibara yake ya 35 imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ikaitia nguvu haki hiyo. Kwa hiyo si sadaka ninayoiomba. Naomba Mamlaka ichapishe, kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani, jedwali la kila kaunti ndogo likionyesha chaneli za televisheni zisikikazo hapo, za pande zote mbili za mpaka, na zilizobaki wazi kwa maikrofoni. Na jedwali hilo libandikwe mahali ambapo mtu wa mitambo hupita, ofisini mwa chifu na katika maduka ya vifaa vya umeme. Naomba pia chaneli moja au mbili zitengwe wazi kwa maikrofoni za hadhara, kila eneo na zake, na kwamba idhini ya kuzitumia iwe nyepesi, ya ada ndogo, ipatikane Bungoma mjini bila ya safari ya Nairobi. Na vyuo vya ufundi vilivyo jirani, Sang'alo na Kitale, viliingize somo hili katika mafunzo ya elektroniki, somo la siku chache la kuchunguza masafa, kupanga makundi na kusimamisha antena, lifunguliwe hata kwa mtu asiye na cheti cha sekondari, kwa maana wengi wa wenye mitambo walijifunza kazi migongoni mwa malori na katika magenge ya kwaya, na ujuzi wao wa sauti ni mkubwa kuliko karatasi zao.

Najua patakuwa na wasemao kwamba wananchi wa Mlima Elgon wana haja za barabara, za dawa na za hatimiliki, na kwamba masafa ni anasa. Nawajibu kwamba barabara, dawa na hatimiliki zote hudaiwa kwa kusema hadharani, na mwenye kusema asisikike hajadai kitu.

Wala hatuna ulazima wa kukaa tukiingoja Mamlaka. Wenye mitambo wa Cheptais, Chwele, Kapsokwony na Kimilili wanajuana kwa majina, hukopeshana nyaya na spika, na hupishana njiani kila Jumamosi. Wakutane nusu siku tu. Kila mmoja alete vipokezi vyake, wasome tarakimu zilizoandikwa ubavuni, waziandike katika daftari moja, wagawane makundi ili walio jirani wasigongane, na makanisa ya soko moja yapewe kila moja kundi lake. Maikrofoni za masafa ya 700 na 800 zihesabiwe kuwa zimestaafu, ziache kukodishwa kwa watu. Nakala ya daftari ikae kwa chifu, ili ambaye atakuja kutoka mbali na mitambo ya arusi au ya mkutano wa siasa aonyeshwe palipo wazi kabla hajawasha chombo chake. Mkutano huo hauna gharama ila nauli, na hauhitaji idhini ya mtu yeyote. Basi uitishwe mwezi huu.